Picha ya mtoto iwekee alama kabla ya kuirusha

Mzazi wa Mbagala au Tandale anaweka picha ya mwanawe 'status' siku ya kuzaliwa: keki, puto, tabasamu. Mtu anaichukua, anaandika chini yake kwamba mtoto ana tundu la moyo na anahitaji mchango wa upasuaji, kisha anaweka namba yake ya simu. Mama hajui lolote hadi ndugu waanze kupiga simu kuuliza kulikoni.

Utapeli wa namna hii unaumiza pande mbili. Mtoto mzima anatangaziwa ugonjwa asiokuwa nao, na mtoto anayeumwa kweli akija kuombewa msaada, watu wameshachoka kudanganywa.

Kinga mojawapo ni alama. Ukiinua noti ya shilingi 10,000 kwenye mwanga, unaona kivuli cha sura ya Mwalimu Nyerere. Picha, sauti na video nazo huwekewa alama kwa lengo hilohilo, kutambulisha kilicho halali.

Ziko za aina mbili. Ya kwanza huonekana, kama jina la studio ambalo wapiga picha wa harusi huliandika juu ya picha. Ikikaa pembeni hukatwa kwa sekunde chache, hivyo ipitishe katikati, juu ya nguo ya mtoto.

Ya pili haionekani. Picha ya simu ni mamilioni ya nukta za rangi, na programu hubadilisha baadhi yake kidogo mno kiasi kwamba jicho halitambui, lakini programu ya kuisoma hutambua. Kwenye wimbo, alama hufichwa ndani ya sauti. Google ilianza mwaka 2023 kuweka alama ya aina hii, SynthID, kwenye picha zilizotengenezwa na akili bandia.

Hata hivyo, alama haimzuii mwizi. Kazi yake ni kusaidia kuthibitisha picha imetoka wapi. Kwa hiyo tunza picha halisi kwenye simu yako, kwa kuwa picha ikipita WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora na kupoteza taarifa za ndani, kama tarehe na mahali ilipopigwa. Usirushe picha inayoonyesha kadi ya kliniki wala nembo ya shule.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu taarifa za watoto kuwa nyeti. Ukikuta picha ya mwanao imetumiwa hivyo, piga picha ya skrini ikiwa na namba ya simu iliyotajwa, toa taarifa polisi, na ripoti namba hiyo kwa TCRA kupitia 15040.

Na wewe unayeombwa mchango, usiishie kwenye picha. Uliza mtoto amelazwa wapi, wodi gani, kisha omba namba ya kumbukumbu ya malipo, kwa kuwa hospitali za serikali hupokea fedha kwa namba hiyo. Mzazi mwenye mgonjwa kweli hatakasirika kuulizwa. Atakutajia hadi namba ya kitanda.