Hiyo Mito Unavuka Kila Siku Ina Majina, na Majina Yanaongea

Wasee, ukitoka Nairobi na mat ya Meru unavuka mito kibao. Rupingazi ukiingia Embu, halafu Thuci, Nithi, Mutonga, mwisho Kathita pale Meru mjini. Wengi wetu tunajua Nithi peke yake, na ni juu ya ajali za pale darajani.

Hiyo inaniuma, juu haya majina yanaongea. Chukua Rupingazi. Kuna mto mwingine Embu unaitwa Kapingazi, na unaingia ndani ya Rupingazi. Hiyo ka- unaijua. Ni ile ile unatumia ukisema kagari ama katoto. Bila ramani, jina limeshakuambia mto upi ni mdogo. Waliotuachia hayo majina walijua maji yao.

Sasa angalia kilichofanyika majina yakifika kwa karatasi. Kathita, ramani zingine zinasema Kazita. Runyenjes ilitokana na chifu aliyeitwa Runyenje. Hiyo s ya mwisho ni Kizungu cha kusema "ya Runyenje", na tumebaki nayo mpaka leo. Hata mlima: Embu wanasema Kirinyaga, Meru wanasema Kirimaara, lakini mwaka 1849 Krapf alikuwa Ukambani, akaandika alichosikia huko. Leo nchi nzima inaitwa Kenya. Kumbe jina linategemea nani aliulizwa na nani alishika kalamu.

Siku hizi kalamu ni simu, na tunaitumia vibaya. Unapata video ya mtu anakuelezea maana ya jina la mtaa kwa kubahatisha, eti linafanana na neno fulani. Kufanana si ushahidi. Hata Tanzania kuna Wameru, kule karibu na Arusha, na lugha yao ni jamaa ya Kichaga, si Kimeru chetu.

Najua mtu atasema majina hayaleti unga. Sawa. Lakini vile vijito vya chini ya shamba, vingi haviko kwa ramani. Majina yao yako kwa vichwa vya shosho na guka, na wao wakienda, yanaenda.

Kwa hivyo ukifika ushago usipige picha za majani chai tu. Muulize shosho kale kamto kanaitwaje, na kwa nini. Mrekodi akitamka mwenyewe, ndio ile th isipotee tena.