Semboja Hahitaji Fremu ya Dhahabu

Mwenzangu mmoja wa hapa Bungu, Korogwe, mpenzi wa vitabu kama mimi, anachangisha pesa. Eti Semboja wa Mazinde achorwe kwa rangi ya mafuta kama Rubens alivyomchora Ambrogio Spinola, ndipo dunia imheshimu.

Haya, tumtazame huyo Spinola. Mtu wa ukoo mkubwa wa Genoa, jemadari wa mfalme wa Hispania. Deraya inang'aa, kola ya lesi shingoni, fimbo ya ujemadari mkononi. Rubens ni fundi, sibishi. Chuma kile unaona kabisa kwamba ni cha baridi. Ila mwaka 1625 Spinola aliutwaa mji wa Breda baada ya kuuzingira zaidi ya miezi 9, watu wakifa kwa njaa na maradhi. Kwenye picha yuko wapi hata mmoja wao? Picha za namna hiyo kazi yake ni kumtukuza mwenye sura.

Na Semboja tunayo picha yake jamani, ya maneno. Ni Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi, iliyochapwa na wamisionari wa Magila zaidi ya miaka 100 iliyopita, ikatolewa tena 1962. Humo Semboja si sanamu. Ni mtoto wa Kimweri ya Nyumbai aliyekaa Mazinde, tambarare, kwenye njia ya misafara, akapata bunduki, akampiga vita Shekulwavu, mtoto wa kaka yake, aliyekalia kiti cha Vuga. Wabondei nao wakaasi. Vita vile viliwapeleka watu pwani kuuzwa utumwani. Hao utawachora wapi, nyuma ya bega la jemadari?

Sisemi Abdallah hana upendeleo. Aliwatumikia Wakilindi, na inaonekana. Lakini msomaji makini anaweza kumkamata, ukurasa kwa ukurasa. Rubens utamkamatia wapi, kwenye lesi?

Nilipombana mwenzangu akakiri: kitabu hajakisoma, anakijua jina tu. Spinola, lakini, anamjua mpaka ndevu!

Basi mchango wa picha sitoi. Akija na mpango wa kukichapa kitabu upya, kiuzwe Korogwe kwa bei ambayo mwanafunzi anaimudu, nitatoa hata nauli yangu ya kushukia mjini.