NASA ilichagua kampuni mbili za kubeba wanaanga, leo ni moja tu inayowabeba

Mwezi wa 11 mwaka 2025, shirika la anga la Marekani, NASA, lilikubaliana na kampuni ya Boeing kupunguza mkataba wao. Chombo chake, Starliner, kilitazamiwa kufanya safari sita za kubeba wanaanga hadi kwenye kituo cha anga cha kimataifa. Sasa kimehakikishiwa safari nne tu, na ya kwanza itabeba mizigo bila mtu ndani. Habari hiyo ilipita kimya kimya. Lakini inaonyesha hali ya mpango uliotangazwa kwa shangwe mwaka 2014: serikali inunue safari za anga kwa kampuni binafsi, tena ziwe mbili, ili isibaki mikononi mwa muuzaji mmoja.

Hofu hiyo ya muuzaji mmoja ilikuwa na sababu. Mwezi wa saba 2011, Atlantis ilitua kwa mara ya mwisho na Marekani ikastaafisha vyombo vyake vya Space Shuttle. Vilikuwa vya gharama kubwa mno, na ajali mbili, ya Challenger mwaka 1986 na ya Columbia mwaka 2003, ziliua wanaanga 14. Tangu hapo, Mmarekani aliyetaka kufika kwenye kituo alilazimika kupanda Soyuz ya Warusi, inayoruka kutoka Baikonur, Kazakhstan. Bei ikapanda mwaka hadi mwaka mpaka ikapita dola milioni 80 kwa kiti kimoja. Ni kama kijiji chenye duka moja: mwenye duka ndiye anayeamua bei ya chumvi. Mwaka 2014, Urusi ilipoitwaa Crimea na Marekani ikaiwekea vikwazo, Dmitry Rogozin, aliyekuwa makamu wa waziri mkuu wa Urusi, aliwakejeli Wamarekani kwamba wawapeleke wanaanga wao kwa trampolini, lile turubai la kurukia watoto.

Tarehe 16 mwezi wa tisa mwaka huohuo, NASA ilitangaza washindi. Boeing ilipewa mkataba wa hadi dola miliari 4,2 na SpaceX, kampuni ya Elon Musk, hadi dola miliari 2,6. Kazi ilikuwa ileile: kujenga chombo, kuthibitisha usalama wake, kisha kufanya hadi safari sita. Kampuni ya tatu, Sierra Nevada, iliyoachwa nje, ilipeleka malalamiko, lakini mwanzoni mwa 2015 yakakataliwa.

Kwa nini yule aliyeomba pesa nyingi zaidi achaguliwe? Boeing ilikuwa na jina. Ilikuwa imefanya kazi na NASA kwa miaka mingi, na ndiyo kampuni kuu iliyohusika na ujenzi wa sehemu ya Marekani ya kituo hicho. SpaceX ilikuwa imezaliwa mwaka 2002 tu. Katika Bunge la Marekani, wengi waliona Boeing ndiyo dhamana, na SpaceX ni bahati nasibu.

Jambo kubwa zaidi, kwa maoni yetu, lilikuwa namna ya kulipa. Zamani NASA ililipa gharama zote za kampuni, kisha ikaongeza faida juu yake. Ukichelewa, unalipwa, ukiharibu, unalipwa kurekebisha. Safari hii bei iliandikwa mapema: hasara ya kuchelewa ingetoka mfukoni mwa mjenzi mwenyewe. Yeyote aliyewahi kuona barabara ya kwetu ikitengenezwa kwa nyongeza juu ya nyongeza anaelewa mara moja maana ya sharti hilo.

Hata hivyo sharti lenyewe lililegezwa. Mwaka 2019, mkaguzi mkuu wa NASA alionyesha kwamba Boeing ilikubaliwa kuongezewa dola milioni 287,2 juu ya bei iliyowekwa, kwa hoja ya kuzuia pengo katika safari. Mkaguzi aliona sehemu kubwa ya pesa hizo haikuwa ya lazima, na SpaceX haikuulizwa kama ingeweza kuziba pengo hilo. Ripoti hiyohiyo ilikadiria kiti kimoja ndani ya Starliner kuwa dola milioni 90, na ndani ya Dragon ya SpaceX milioni 55.

Lengo la kuanza safari mwaka 2017 lilizishinda kampuni zote mbili. Dragon moja ililipuka katika jaribio la ardhini mwezi wa nne 2019, bila kuua mtu. Lakini tarehe 30 mwezi wa tano 2020, Doug Hurley na Bob Behnken waliruka nayo kutoka Florida wakafika kituoni. Musk hakukosa kumkumbusha Rogozin kwamba trampolini inafanya kazi.

Starliner ilikuwa na njia nyingine. Mwezi wa 12 mwaka 2019, ikiwa haina mtu, saa yake ya ndani ilikosea na chombo kikashindwa kufika kituoni. Ilifika mwaka 2022, bado bila mtu. Tarehe 5 mwezi wa sita 2024 ndipo ilipobeba Butch Wilmore na Suni Williams, kwa safari iliyopangwa kuwa ya siku nane hivi. Heli ikavuja, na injini ndogo tano kati ya 28 zinazokielekeza chombo zikazimika walipokaribia kituo. NASA ilipima kwa wiki nyingi, kisha ikaamua Starliner irudi tupu. Ilitua salama tarehe 7 mwezi wa tisa. Wanaanga wao walirudi mwezi wa tatu 2025, baada ya siku 286, ndani ya Dragon iliyokuwa imepanda ikiwa na viti viwili vitupu kwa ajili yao.

Hapo utaona kwamba uamuzi wa 2014 ulikuwa sahihi, hata kama waliokadiria nani ni dhamana walikosea. Kama NASA ingechagua kampuni moja, ile yenye jina, ingerudi kupiga hodi Moscow katikati ya vita vya Ukraine. Na hasara ya Starliner, iliyofikia dola miliari 2 hivi, imeandikwa katika vitabu vya Boeing, si katika vile vya serikali.

Lakini kuwa na mikataba miwili si sawa na kuwa na vyombo viwili. Mwezi wa sita 2025, Musk na Raisi Donald Trump walipogombana hadharani, Trump alitishia kufuta mikataba ya serikali na Musk, naye Musk akatangaza kwamba ataanza kuiondoa Dragon kazini. Baada ya saa chache akarudisha maneno yake nyuma. Kwa saa hizo chache, njia pekee ya Wamarekani isiyokuwa ya Urusi ilining'inia kwenye hasira ya mtu mmoja.

Inchi yetu iliona upande wa pili wa mchezo huu. Miaka ya 1970, kampuni binafsi ya Ujerumani, OTRAG, ilirusha roketi kutoka kaskazini mwa Shaba, karibu na mto Luvua, kwa ruhusa ya Mobutu. Umoja wa Kisovieti ulipiga kelele, mwaka 1979 ruhusa ikaisha, na kampuni ikafunga mizigo. Wakati ule ugomvi wa mataifa ulitosha kuizima kampuni. Leo ni serikali kubwa kuliko zote inayochunga isimkasirishe mwenye kampuni.

Boeing inaweza kurudi, ila muda unaibana. Katika makubaliano ya 2025, safari ya mizigo ilipangwa isiwe kabla ya mwezi wa nne 2026, na kituo chenyewe kinatarajiwa kufungwa mwaka 2030. Wakati huohuo SpaceX imeongezewa safari hadi 14, na mkataba wake umefikia karibu dola miliari 4,9, zaidi ya ule ambao Boeing ilipewa mwanzoni. Hata chombo kitakachokishusha kituo hicho baharini siku ya mwisho, kazi iliyotolewa mwezi wa sita 2024 kwa hadi dola milioni 843, kitajengwa na SpaceX.