Uyoga Usioujua Usiutie Chunguni

Mvua zinyeshapo, katika vijiji vya Kakamega watu hudamka kwenda vichuguuni kuchuma uyoga uoteshwao na mchwa. Ni burudani, tena ni kitoweo cha bure. Lakini msidanganyike, ndugu wasomaji. Wako wasemao kwamba uyoga ulioliwa na wadudu hauna sumu, au kwamba moto huiondoa. Sivyo. Sumu ya uyoga uitwao Amanita phalloides haiondoki kwa kupikwa. Mlaji aweza kukaa saa 6 hata 24 bila kuumwa. Kisha hutapika na kuhara, hupata nafuu ya uwongo, na huku ini laharibika. Basi chumeni ule tu mliofundishwa na wazee. Aliyeshikwa na tumbo, mpelekeni hospitali upesi, hata akisema amepona, pamoja na mabaki ya uyoga wenyewe.