Baharini Simu Haitoshi, Boti Ziwe na Redio

Najua mtu ataniuliza: wewe wa Chebunyo, mambo ya bahari umeyajulia wapi? Ana haki ya kuuliza. Huku Chepalungu maji tunayoyajua ni ya bwawa la kunyweshea ng'ombe, na bahari nimeiona nikiwa mtu mzima tayari. Lakini mtu kuita msaada na asisikike, hilo tunalijua vizuri sana huku kwetu. Ndiyo maana naandika.

Kuna siku nilikuwa Lamu kwa mafunzo na wenzetu wa mashinani. Kazi ilipoisha tukaalikwa Faza, kisiwani Pate. Tukapanda boti ya abiria, tukapita mkondo wa Mkanda kwenye mikoko, maji yametulia, wenyeji wanapiga gumzo. Tulipotoka sehemu ya wazi upepo wa kusi ukatupokea, na hapo hapo injini ikakohoa mara mbili na kuzima. Nahodha akavuta kamba, akavuta tena, kimya. Boti ikaanza kusukumwa pembeni pembeni.

Sisi watu wa bara tukafanya kile tunachojua, kila mmoja akatoa simu. Mtandao ulikuwa unakuja na kuondoka, mara mstari mmoja, mara hakuna kitu. Mama mmoja mwenye mtoto mapajani ndiye aliyebahatika, akampata kaka yake Faza. Kaka akauliza swali la maana kabisa: "Mko wapi?" Yule mama akatazama huku mikoko, kule maji, akamjibu: "Tuko baharini." Simu ikakata.

Sasa sikiza sehemu inayoniuma mpaka leo. Wakati huo boti nyingine ilikuwa inapita, si mbali, tunaiona kabisa. Tukapunga leso, tukapunga mashati. Watu wake walikuwa wametupa mgongo. Nikamuuliza nahodha, "Huyo humjui?" Akasema, "Namjua sana, ameoa kwetu. Lakini namba anayotumia siku hizi sina." Tukaitazama ikipotea.

Tulikaa pale kama saa moja na nusu, mpaka wavuvi waliokuwa wakirudi na mashua yao wakatuona kwa bahati wakatuvuta. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Injini kuzima ni jambo la kawaida, sina kesi na yule nahodha. Lakini nilirudi Chebunyo nikiwa na swali. Tulikuwa na simu zisizopungua kumi na tano ndani ya boti moja, na bado tulikuwa kama watu wasiosema. Kwa nini?

Jibu nililipata nyumbani. Huku kusini mwa Bomet, karibu na mpaka wa Narok, ng'ombe wakichukuliwa usiku hakuna anayeanza kutafuta namba kwenye simu. Watu hupiga nduru. Nduru haichagui wa kuipokea. Anayesikia anatoka, naye anaipiga, inavuka kilima hiki hadi kile, na wa kwanza kufika ni yule aliye karibu, hata kama mmekosana. Watu wa pwani nao wanajua mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Simu haifanyi hivyo. Simu ni mnong'ono wa mtu mmoja kwa mtu mmoja. Ukipiga, anayesikia ni yule uliyempigia, hata akiwa mwendo wa masaa mawili kutoka ulipo, na jirani aliye hatua chache hana habari.

Redio ya baharini ndiyo nduru ya majini. Watu wa zamani huiita redio ya upepo, ile ya kubonyeza na kuongea. Dunia nzima imekubaliana juu ya chaneli moja ya kuitana na ya dharura, chaneli 16, masafa ya megahazi 156.8. Kila chombo chenye redio kinatakiwa kuiacha wazi kwenye chaneli hiyo. Mtu akiita pale, kila aliye ndani ya eneo lile anasikia kwa wakati mmoja: boti ya abiria, meli ya mizigo inayopita nje, walinzi wa pwani, mvuvi jirani. Huhitaji namba ya mtu, salio wala bando. Haihitaji mnara wowote katikati, sauti inatoka chombo kimoja hadi kingine moja kwa moja. Zile za kisasa zenye GPS zina kitufe cha dharura, ukikibonyeza kinatuma chenyewe utambulisho wa chombo na mahali kilipo. Yule mama wa Faza asingehangaika kueleza.

Tusidanganyane lakini, redio ina mipaka yake. Mawimbi yake hayapindi sana kufuata mviringo wa dunia, kwa hiyo urefu wa antena ndio kila kitu. Redio ya mkononi ya wati 5, mtu akiwa ameketi kwenye mashua na mwenzake ameketi kwenye mashua, hufika kilomita chache tu, labda nane au kumi. Ukiweka antena ya kituo juu ya mnara mrefu, kinamsikia mtu huyo huyo kutoka mbali zaidi. Ndiyo kusema kununua redio na kugawa peke yake hakutoshi. Bila mnara wenye masikio nchi kavu, kazi itakuwa nusu.

Na simu pia isitukanwe. Profesa mmoja wa Marekani, Robert Jensen, aliandika mwaka 2007 juu ya wavuvi wa dagaa wa Kerala, India. Minara ya simu ilipofika pwani ile kati ya 1997 na 2001, wavuvi walianza kuuliza bei wakiwa bado majini, wakapeleka samaki kule kunakotakiwa, na samaki waliokuwa wakitupwa kwa kukosa mnunuzi wakapata mnunuzi. Hiyo ni faida kubwa. Hata omena tunayonunua sokoni huku bara, simu imesaidia kuifikisha. Isitoshe, mvuvi hapendi kutangaza chaneli ya wazi kwamba amepata samaki mahali fulani, kesho atakuta boti ishirini pale. Kwa biashara na siri za watu, simu. Mimi nazungumzia siku ya shida.

Siku ya shida simu ina udhaifu ambao mvuvi hawezi kuuondoa. Mnara wa 2G wa kawaida una kikomo cha kilomita 35 hivi, na hiyo ni pale ambapo hakuna kitu kinachouzuia. Minara imewekwa kuhudumia miji na barabara, haikuwekwa kwa ajili ya bahari. Tunaambiwa zaidi ya asilimia 90 ya Wakenya wanafikiwa na mtandao, na sikatai, lakini hesabu hiyo inahesabu watu pale wanapoishi. Mtu wa Kiunga au Vanga anahesabiwa akiwa kitandani kwake. Akiwa kazini, majini, hahesabiwi. Mfuko wa huduma kwa wote ulio chini ya Mamlaka ya Mawasiliano umesaidia kupeleka minara kwenye kata ndogo zilizosahaulika. Sawa kabisa. Lakini bahari si kata ndogo, haina chifu wa kuilalamikia. Hapa Chebunyo ukikosa mtandao unapanda juu kidogo unaupata. Baharini utapanda wapi?

Sheria za kimataifa nazo ziliandikwa zikimtazama mwenye meli kubwa. Mpango wa dunia wa mawasiliano ya dharura baharini, uliokamilika tarehe 1 Februari 1999, unazibana meli za mizigo kuanzia tani 300 na meli za abiria zinazokwenda nchi nyingine. Mashua, dau, ngalawa na boti za Lamu kwenda Pate zote ziko nje. Kwa maneno mengine, chombo chenye chuma nene na injini mbili kimelazimishwa kuwa na redio, na chombo cha mbao chenye mama mjamzito anayekimbizwa hospitali ya King Fahd usiku kimeachiwa dua na chaji ya simu ya nahodha.

Kwa upande wa serikali si kwamba hakuna kitu. Mombasa kuna kituo cha kuratibu uokoaji baharini tangu 2006, chini ya Mamlaka ya Bahari ya Kenya. Walinzi wa pwani walianzishwa kwa sheria ya 2018. Kila bandari ya samaki ina kamati yake ya BMU. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakuja, kabla hakijapiga Mafia tarehe 4, watabiri wa hali ya hewa wa nchi zote mbili walitoa onyo mapema na wavuvi wakaambiwa wasiende. Lakini aliyekuwa ameondoka tangu juzi yake, yuko nje na simu imezima, huyo ataambiwa na nani? Onyo lililoko WhatsApp linamfaa aliyebaki nyumbani.

Nakuja kwenye jambo ambalo watu wanalisema kwa sauti ya chini. Kwa sheria ya Kenya, kutumia kifaa cha redio bila leseni ni kosa. Sawa, masafa yakiachwa hovyo yataharibika. Ila tujiulize ukweli. Lamu imeishi na marufuku ya kuvua usiku kwa miaka kadhaa baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014. Kijana Mbajuni akikutwa usiku na redio yenye antena ndani ya dau, bila karatasi, unadhani ataulizwa kwanza kama injini yake ni nzima? Kifaa cha kumwokoa kinaweza kumpeleka seli. Kwa hiyo leseni isiachiwe mvuvi mmoja mmoja kuitafuta Nairobi. BMU ipewe leseni moja, kila redio iandikwe namba na jina la chombo, orodha iwe kituo cha polisi na kwa walinzi wa pwani. Anayehofia usalama hapo anapata anachotaka: anajua nani ana redio gani. Na chaneli 16 ni ya wazi, mtu mwenye nia mbaya ana njia nyingi za siri kuliko hiyo.

Bei si kisingizio. Redio ya mkononi isiyoingia maji inakaribiana na bei ya simu janja ya kawaida. Kaunti za Lamu, Tana River, Kilifi, Mombasa na Kwale zinaweza kuanza na boti za abiria na za wagonjwa, halafu wavuvi wa mbali, halafu wengine.

Gharama halisi iko kwingine, nayo ni mshahara wa msikilizaji. Usiku wa Aprili 1912 Titanic ilipokuwa inazama, meli ya Californian ilikuwa karibu kuliko ile iliyokuja kuokoa. Redio ilikuwa nayo. Opereta wake, aliyekuwa peke yake, alikuwa ameizima akaenda kulala. Walikufa watu zaidi ya 1,500, na baada ya hapo ndipo mkataba wa 1914 ukataka zamu ya kusikiliza usiku na mchana. Naogopa tutafanya vile vile: redio zitazinduliwa kwa picha na fulana, kituo cha Faza au Shimoni kitafungwa saa kumi na moja jioni, na ufunguo utakuwa kwa mtu aliyeenda harusini Mombasa.

Kwa hiyo wenzangu wa pwani, mkiitwa kwenye vikao vya bajeti ya kaunti, msikubali kusomewa idadi ya redio pekee. Ulizeni majina ya watakaokaa zamu ya usiku, watatu watatu kwa kila kituo, mishahara yao imeandikwa ukurasa gani, na kama watamjibu mvuvi kwa Kiswahili. Kisha siku ya tatu baada ya uzinduzi, saa nane usiku, mtu mmoja awashe redio akiwa majini aite kituo, aone kama kutakuwa na anayeitika.