Umeme wa Ethiopia wapita juu, malori ya Moyale yasubiri usalama chini

Tangu Novemba 2022 Kenya inanunua umeme wa maji kutoka Ethiopia kupitia laini ya kilomita 1,045 kati ya Wolayta Sodo na Suswa. Mkataba ni wa miaka 25, bei senti 6.5 za dola kwa uniti: megawati 200 kwa miaka mitatu ya kwanza, kisha 400 kwa miaka 22 inayobaki. Kwa mwenye kinu cha unga au ghala la baridi Nairobi, hiyo si habari ndogo.

Wenye malori wanaijua njia hiyo kwa sura nyingine. Laini inapita Marsabit na Samburu, ambako dereva huuliza hali ya usalama kabla ya bei ya dizeli. Mei 2022 serikali ya Kenya ilipiga marufuku watu kutembea usiku Marsabit kwa sababu ya mauaji na silaha haramu. Februari 2025 ikaanzisha operesheni Ondoa Jangili, Marsabit na Isiolo, dhidi ya wapiganaji wa Oromo Liberation Army waliovuka mpaka.

Nairobi na Addis Ababa zina mkataba wa ulinzi tangu miaka ya 1960, walipokuwa wakiihofia Somalia. Adui wa leo havai sare. Anapitisha bunduki na kuswaga ng'ombe wa watu, na mkataba wa majeshi haumsaidii mfanyabiashara wa mifugo. Kituo cha pamoja cha mpakani Moyale, kilichofunguliwa Desemba 2020, kimepunguza foleni ya makaratasi, lakini ulinzi wa barabara baada ya geti ni suala jingine.

Tena laini hii ni ya mkondo mnyoofu wa kilovolti 500. Huwezi kuichomekea kijiji katikati bila kujenga kituo cha kugeuza umeme, na kituo hicho ni ghali mno. Kwa hiyo mfugaji anayelisha mbuzi chini ya nguzo anaona waya tu. (Moyale yenyewe imepata umeme wa Ethiopia kwa miaka mingi, lakini kwa laini ndogo ya jirani kwa jirani.) Asiyenufaika na nguzo ana sababu gani ya kuilinda?

Tarehe 6 Septemba 2024 laini ya Loiyangalani ilijikata ikiwa na megawati 288 za upepo, ya Ethiopia ikafuata na 200 zake, na sehemu kubwa ya Kenya ikabaki gizani. Hiyo ilikuwa hitilafu ya mitambo tu. Na kwa kuwa laini ya Isinya hadi Singida imeiunganisha Tanzania, nguzo ya Samburu sasa inaihusu hata Arusha.

Ethiopia inahitaji dola. Ndiyo maana Julai 2024 iliiachia birr ishuke. Mnunuzi anayelipa kwa dola ana sauti mezani. Kila megawati inayoongezwa ingefaa iambatane na doria za pamoja kati ya Moyale na Marsabit, na umeme wa jua kwa vijiji vilivyo chini ya waya. Wasafirishaji wana vyama vyao. Waviulize kama vimeitwa kwenye mazungumzo hayo.