Komoro si jirani wa kupelekewa askari tu

Alfajiri ya Machi 25, 2008, askari wa JWTZ pamoja na wenzao wa Sudan na Komoro walitua katika kisiwa cha Anjouan kumng'oa Kanali Mohamed Bacar, ambaye mwaka uliotangulia alijichapishia karatasi za kura na kujitangaza mshindi. Jua lilipozama, mji mkuu wa kisiwa hicho, Mutsamudu, ulikuwa umeshatekwa na Bacar yuko mbioni kuelekea kisiwa jirani cha Mayotte. Mwenyekiti wa Umoja wa Afrika wakati huo alikuwa Rais Jakaya Kikwete, aliyepata kuwa katibu wa CCM wilayani Nachingwea miaka ya 1980. Waziri wake wa mambo ya nje alikuwa Bernard Membe, mzaliwa wa Lindi.

Rais Thabo Mbeki wa Afrika Kusini hakuipenda hatua ile. Alitaka mazungumzo yaendelee. Lakini mazungumzo yalikuwa yameshakula miezi, na vikwazo vya Umoja wa Afrika vya Oktoba 2007 havikumtikisa Bacar. Tanzania ilifanya jambo sahihi.

Kinachouma ni kwamba mpaka leo, Mtanzania wa kawaida akiulizwa kuhusu Komoro, hana la kusimulia zaidi ya vita ile ya siku moja. Ubalozi upo Moroni, ndege zinakwenda, na wagonjwa wa Kikomoro hufuata matibabu Dar es Salaam. Vyote hivyo ni vyema. Hata hivyo uhusiano wenyewe umebaki wa Dar es Salaam na Moroni, wakati jirani halisi wa visiwa hivyo ni watu wa kusini. Ukipima moja kwa moja, Moroni haifiki kilomita 400 kutoka Mtwara. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam kwa barabara ni zaidi ya kilomita 550.

Na Nachingwea, huko huko kusini mkoani Lindi, ilishawahi kuwa mlango wa majirani. Wapiganaji wa FRELIMO wa Msumbiji walifundishwa huko katika kambi ya Shamba 17, na kutoka huko Samora Machel alirudi kwao kupokea uhuru wa Juni 25, 1975. Komoro ilijitangazia uhuru siku 11 baadaye, Julai 6. Nayo ilikuwa na wapigania uhuru wake hapa nchini: chama cha MOLINACO kiliendesha harakati zake Dar es Salaam tangu miaka ya 1960. Tanganyika iliyokuwa maskini iliwafungulia wageni hao milango bila kuwauliza watalipa nini.

Ukubwa una majukumu yake. Wilaya ya Nachingwea peke yake inaizidi Komoro nzima kwa eneo zaidi ya mara mbili, na watu wa visiwa vyote vitatu hawatimii milioni moja. Nchi ya namna hiyo ikikosewa na jirani mkubwa haina pa kusemea. Komoro ilipojitangazia uhuru, Ufaransa iliibakiza Mayotte mikononi mwake, ikaiwekea sharti la viza mwaka 1995, na mwaka 2011 ikaifanya mkoa wake kamili. Tangu viza hiyo iwekwe, ndugu wa Anjouan wanaotaka kuvuka maji ya kilomita 70 hivi kuwaona jamaa zao hupanda boti za usiku, na wengi wamekufa maji.

Mkulima wa Marambo, wilayani Nachingwea, anaijua hali ya kuwa mdogo mbele ya mkubwa. Agosti 2017 India iliweka kikomo cha mbaazi zinazoingia nchini mwake. Uamuzi ulipitishwa New Delhi, bei ikaanguka Nachingwea na Ruangwa. Watu waliokuwa wamepalilia, wakavuna, wakapiga na kupepeta, walibaki na magunia yamepangwa ukutani hadi panya wakayatoboa, kwa kuwa nauli ya kuyafikisha sokoni ilizidi thamani ya mzigo. Hakuna aliyewauliza. Tanzania haina budi kukumbuka uchungu huo kila inapoamua jambo linalogusa mbuzi, vitunguu au saruji inayopakiwa kwenda Komoro.

Wakomoro nao hula mbaazi za nazi. Soko lao haliwezi kumaliza mavuno ya kusini, na ni vibaya kumdanganya mkulima kwamba litaziba pengo la India. Lakini mnunuzi wa pili, hata akiwa mdogo, anampa muuzaji nguvu mnadani. Komoro ilikubaliwa kuingia SADC mwaka 2017, kwa hiyo mlango wa makubaliano upo wazi. Kinachotakiwa ni meli yenye ratiba kati ya Mtwara na Moroni, ofisi ya ubalozi mdogo wa Komoro mjini Mtwara, na chama kikuu cha ushirika cha RUNALI kukutanishwa ana kwa ana na waagizaji wa Moroni. Serikali iliyoweza kupeleka kikosi Anjouan haiwezi kusema kwamba bahari hiyo ni pana mno kwa meli ya mizigo ya kila mwezi. Wabunge wa Lindi na Mtwara waidai katika bajeti ijayo ya Wizara ya Mambo ya Nje, na waitaje kwa jina: Mtwara–Moroni.